Beji Inayosikia Bahari: Jinsi Redio ya Programu Inavyobuniwa Ivaliwe Shingoni

Mwezi Agosti 2015, wadukuzi kutoka nchi nyingi walipiga mahema kwenye kiwanda cha zamani cha matofali huko Mildenberg, kaskazini mwa Berlin. Ndiyo kambi ambayo Chaos Computer Club ya Ujerumani huiandaa kila baada ya miaka minne. Waliofika walikabidhiwa beji iliyoitwa rad1o: ubao wa saketi wenye kioo kidogo cha rangi, betri, na redio inayoweza kupokea na kutuma kuanzia takriban megahezi 50 hadi gigahezi 4. Ndani ya masafa hayo mna stesheni za FM, meli, ndege, simu za mkononi, setilaiti na Wi-Fi.

Beji za kielektroniki zilikuwepo kabla ya hapo. Mwaka 2006 DEF CON, mkutano wa wadukuzi kule Las Vegas, ulitoa ya kwanza yake, iliyobuniwa na Joe Grand, yenye taa ndogo za kumetameta. Mwaka 2011 kambi ya Ujerumani ilitoa r0ket, iliyokuwa na kiredio cha gigahezi 2.4 cha beji kuzungumza na beji. Lakini kumpa kila mshiriki redio ya programu, yaani redio inayofanya kazi yake kwa hesabu za kompyuta, kifaa ambacho miaka michache nyuma kilikuwa cha maabara, lilikuwa jambo la kishujaa, na wengi tungependa kujua lilivyowezekana.

Naandika haya nikiwa Malindi, na mahali hapa pana haki ya kuuliza swali hilo. Mwendo mfupi kaskazini, Ngomeni, ndiko Waitaliano walikosimika baharini majukwaa ya San Marco na Santa Rita. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, setilaiti iliyorushwa kutoka pale ilipewa jina Uhuru, nayo ikawa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani. Roketi ya mwisho iliondoka 1988, lakini kituo cha ardhini kimebaki kazini. Data za chombo cha Swift cha NASA, kilichorushwa 2004, zimekuwa zikiteremshwa hapo. Anga yetu imejaa ishara, na mjini hapa wako vijana wengi wanaoweza kufungua simu na kubadilisha soketi ya kuchaji bila kutetemeka mkono. Ninataka wao ndio wabuni beji ijayo.

Namba badala ya koili

Redio ya zamani ilikuwa na saketi kwa kila kazi. Koili na kapasita zilichagua stesheni, daiodi au chipu maalumu ikaitoa sauti ndani ya wimbi. Ukitaka kusikiliza meli badala ya muziki, ulinunua redio nyingine. Redio ya programu huviachia vyuma kazi zisizokwepeka tu, yaani kulinasa wimbi, kulikuza na kulishusha masafa, kisha hulipima mara mamilioni kwa sekunde na kuligeuza kuwa mfululizo wa namba. Kuanzia hapo yote ni hesabu. Kubadilisha redio ni kubadilisha programu.

Mhandisi Mmarekani Joseph Mitola alianza kuieleza dhana hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2001 ikaanza GNU Radio, mkusanyo wa programu huria za kuchambua namba hizo. Kisha 2012 ikajulikana kwamba vijiti vya USB vya kutazamia televisheni, vyenye chipu ya RTL2832U, vinaweza kutoa namba ghafi kama zilivyopimwa, na ghafla mwanafunzi wa kawaida akamudu bei.

Namba hizo hutoka mbilimbili, na hapa ndipo wengi hukwama. Litazame pangaboi ubavuni, macho yakiwa usawa wa mapanga yake. Utaiona ncha ikienda kushoto na kulia, lakini hutajua kama linazunguka kufuata saa au kinyume. Akikaa mtazamaji wa pili pembe ya nyuzi 90 kutoka ulipo, mkalinganisha mlichoona, mwelekeo hujulikana mara moja. Redio ya programu nayo hulipima wimbi mara mbili kwa wakati mmoja, dhidi ya mawimbi mawili ya rejea ambayo moja liko nyuma ya jingine kwa robo ya mzunguko. Vipimo hivyo huitwa I na Q. Ukiwa na vyote viwili, programu hujua kama ishara iko juu ya masafa ya katikati au chini yake, na upana wa dirisha unaloona hulingana na idadi ya sampuli, yaani jozi za I na Q, kwa sekunde. Sampuli milioni 20 kwa sekunde hufungua dirisha la megahezi 20, karibu bendi yote ya FM kwa mpigo mmoja.

Hiyo ndiyo kasi ya rad1o. Sasa chukua kalamu. Kila sampuli ni baiti mbili, kwa hiyo ni megabaiti 40 kila sekunde. Prosesa yake, LPC4330 ya kampuni ya NXP, huenda kwa megahezi 204 na ina kumbukumbu ya ndani ya kilobaiti 264. Gawa 204 kwa 20: prosesa hupata takriban hatua 10 kwa kila sampuli, na hatua 10 hazitoshi kufanya lolote la maana. Kumbukumbu nayo hujaa ndani ya milisekunde 7. Basi beji haiwezi kulichambua dirisha lote yenyewe. Ama hulipitisha kwenye kebo ya USB hadi kwenye laptopu, maana kasi ya megabiti 480 inalimudu, ama hulipunguza. Ikishuka hadi sampuli milioni 2, zinapatikana hatua 100 kwa sampuli. Ikishuka hadi laki 2, hatua 1,000, na hapo beji peke yake inaweza kufasiri ujumbe na kuuandika kwenye kioo. Mbunifu asiyeifanya hesabu hii mapema ataahidi mambo ambayo beji haitayafanya kamwe.

Waliounda rad1o hawakubuni kila kitu upya. Walifuata HackRF One ya Michael Ossmann, redio ambayo michoro na programu zake zimewekwa wazi kwa yeyote. Ndani yake mna ujanja ninaoupenda sana. Chipu yake kuu, MAX2837, ilitengenezwa kwa ajili ya WiMAX, teknolojia ya intaneti isiyo na waya, na hufanya kazi kati ya gigahezi 2.3 na 2.7 tu. Mbele yake huwekwa miksa, saketi inayozidisha mawimbi mawili na kutoa jumla na tofauti ya masafa yao. Ukitaka megahezi 162, unaichanganya na wimbi la megahezi 2,338 linalozalishwa ndani, hutoka 2,500, na MAX2837 huipokea bila shida. Hivyo chipu ya bendi moja finyu hupata kusikia bendi nyingi. Vijiti vya televisheni vina hadithi hiyo hiyo: chipu iliyotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya soko fulani huwa rahisi bei, na mbunifu wa beji huishi kwa kuzitafuta chipu za namna hiyo.

Anza na ishara

Kikundi cha Munich kilichounda rad1o ndicho hicho kilichokuwa kikichunguza Iridium, mtandao wa setilaiti 66 zinazozunguka kilomita 780 juu yetu na kuteremsha ishara kati ya megahezi 1,616 na 1,626.5. Walioshika mchoro wa saketi walikuwa tayari wana ishara ya kuitafuta. Kwangu hilo ndilo funzo kubwa la beji ile. Anayeanza na chipu humaliza na beji inayoweza kila kitu kwenye karatasi na isiyosikia chochote uwanjani. Anayeanza na ishara hupata majibu ya antena, vichujio, saa na betri, kwa mpangilio huo.

Kwa Malindi, ishara yangu ya kwanza ni AIS. Meli hutangaza jina, mahali, kasi na mwelekeo wake kwenye megahezi 161.975 na 162.025, biti 9,600 kwa sekunde. Masafa hayo mawili yametengana kwa kilohezi 50 tu, kwa hiyo dirisha la kilohezi 200 huyabeba yote mawili pamoja, na tumeona kwamba prosesa ya beji ina nafasi ya kutosha hapo. Sheria ya kimataifa huzilazimisha meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri baina ya nchi kubeba AIS. Mashua na ngalawa za wavuvi wetu hazimo. Mvuvi aliye nje usiku haonekani kwenye AIS ya meli inayoelekea Mombasa au Lamu, lakini yeye akiwa na kipokezi anaweza kuijua inakuja upande gani. Kijana atakayeifahamu AIS kupitia beji ya mkutano anaweza kesho kumuundia mjomba wake kipokezi kamili, na ndiyo sababu naiweka mbele ya burudani nyingine zote.

Itasikika mbali kiasi gani? Kwenye masafa haya mviringo wa dunia ndio mpaka. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, jumlisha na cha antena ya meli, zidisha kwa 4.1. Ukisimama ufukweni na beji kifuani, na antena ya meli ikiwa mita 25 juu, ni takriban kilomita 25. Panda kwenye paa la mita 16, zinafika 37. Ndege iliyo mita 10,000 juu husikika zaidi ya kilomita 400 kwa hesabu hiyo hiyo, ndiyo maana ishara ya pili ningeweka ADS-B, matangazo ya ndege kwenye megahezi 1,090. Hizo ni ngumu zaidi kwa prosesa, kwani data huenda kwa megabiti 1 kwa sekunde na huhitaji angalau sampuli milioni 2. Ya tatu ni FM, kwa sababu mtoto wa miaka 10 akiona stesheni anayoisikiliza nyumbani imesimama kama mlima kwenye kioo, ameshaelewa nusu ya makala hii.

Antena sasa, ambayo kwa kawaida huhitaji urefu wa robo ya wimbi. Robo ya urefu wa wimbi kwa gigahezi 2.45 ni sentimita 3, na ndiyo maana antena iliyochorwa kwenye ubao wa rad1o ilikuwa ya eneo hilo la masafa: inatosha kwenye ubao. Kwa ADS-B robo ni karibu sentimita 7, bado inawezekana. Kwa AIS ni sentimita 46, na kwa katikati ya FM ni 76. Hakuna beji yenye urefu huo. Lakini beji inaning'inia kwa ugwe, na ugwe unapanda hadi shingoni. Waliotumia simu za batani wanakumbuka kwamba redio ya FM haikufanya kazi mpaka uchomeke waya wa masikioni, kwani waya huo ndio uliokuwa antena. Pitisha waya mwembamba ndani ya upande mmoja wa ugwe, sentimita 46 kamili, uunganishe kwenye ubao kwa kibanio cha chuma, na AIS imepata antena yake. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, hula sehemu ya ishara na kuisogeza antena kutoka kwenye masafa yake, kwa hiyo weka pia soketi ya SMA kwa anayetaka kuchomeka antena ya kweli juu ya paa.

Kuna atakayeuliza kuhusu setilaiti zinazozungumza na Ngomeni. Ishara zao zinamwagika juu ya pwani yote, si juu ya kituo peke yake. Lakini dishi la kipenyo cha mita 10 kwenye gigahezi 2.2 hukusanya nguvu makumi ya maelfu ya mara kuliko antena isiyochagua upande, na beji haina dishi. Iridium ni tofauti, iliundwa isikike kwenye kifaa cha mkononi, na antena ndogo bapa inatosha.

Kelele, joto na chumvi

Rad1o hupima kwa biti 8. Ngazi 256 maana yake ishara kubwa kabisa na ndogo kabisa inayopimika zinatofautiana kwa nguvu mara 65,000 hivi, desibeli 48. Inaonekana nyingi mpaka usimame karibu na mnara wa FM. Stesheni yenye nguvu huzijaza ngazi zote, na meli ya mbali hupotea chini ya ngazi ya kwanza. Dawa ni mbili, na nazitaka zote. Ya kwanza ni kichujio cha kuzuia megahezi 88 hadi 108, chenye swichi ya kukiruka pale mtu anapotaka FM yenyewe. Ya pili ni biti zaidi.

Hapo ndipo naachana na rad1o. Chipu ya LPC4370, ndugu wa ile ya rad1o, ina kipimaji cha biti 12 ndani yake. Ukiiunganisha na chipu ya televisheni ya R820T2, unapata kipokezi cha takriban megahezi 24 hadi 1,800 chenye chipu kuu mbili. Redio ya Airspy R2 imejengwa juu ya jozi hiyo. FM, AIS, ADS-B na Iridium zote zinaingia. Unapoteza Wi-Fi, na unapoteza uwezo wa kutuma.

Kupoteza kutuma sikuhesabu kuwa hasara. Hapa Kenya kutuma mawimbi bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa, na vifaa vya kutuma huhitaji kuidhinishwa nayo. Juu ya sheria kuna jambo zito zaidi: megahezi 156.8, chaneli 16 ya baharini, ndiyo anayoitia mtu anayezama, na marubani huzungumza kati ya 118 na 137. Beji mamia, mikononi mwa watu wanaojaribu programu ambazo hazijakamilika, katika mji wenye bandari na uwanja wa ndege, ni hatari nisiyotaka kuibeba. Anayetaka kutuma asome, apate leseni ya redio ya ridhaa, na afanye hivyo kwenye bendi zilizotengwa. Kusikiliza nako kuna mpaka. AIS na ADS-B ni matangazo kwa wote. Ujumbe wa mtu binafsi si wako hata kama umepita kifuani kwako.

Saa ya ubao hupuuzwa na wengi. Kila masafa yanayoundwa ndani yanatokana na kristali moja, na kristali ya bei ya chini hukosea hadi sehemu 20 kwa milioni. Kwenye megahezi 162 hilo ni kilohezi 3.2, na chaneli ya AIS yenye upana wa kilohezi 25 inavumilia. Kwenye Iridium ni zaidi ya kilohezi 32, karibu sawa na msogeo unaosababishwa na mwendo wa setilaiti yenyewe, na programu haitajua kipi ni kipi. Kristali husogea pia kwa joto, na beji ya Malindi itakaa kwenye jua la mchana huku chipu zake zikiipasha kutoka ndani. Lipia kristali inayojirekebisha kwa joto. Ni nyongeza ndogo ya gharama inayookoa mambo mengi.

Ubao uwe wa tabaka nne. Njia ya shaba inayobeba ishara inapaswa kuwa na ukinzani wa omu 50, na upana wake hutegemea umbali hadi kwenye tabaka la ardhi, yaani bamba la shaba la volti sifuri, lililo chini yake. Kwenye ubao wa tabaka mbili wenye unene wa milimita 1.6, njia hiyo inahitaji upana wa karibu milimita 3, nene kuliko miguu ya chipu inayounganishwa nayo. Kwenye tabaka nne, ardhi ikiwa milimita 0.2 chini, upana hushuka hadi kiasi cha 0.4 na kila kitu hukaa sawa. Tabaka la ardhi chini ya redio lisikatwe popote. Kioo na saketi ya kupandisha volti za betri hutoa kelele, kwa hiyo viwekwe mwisho wa pili wa ubao, na redio ifunikwe kwa kijumba cha bati. Mapambo, na naomba yawepo, nakshi za milango ya Lamu zinapendeza mno kwa shaba iliyopakwa dhahabu, yakae mbali na antena.

Dhahabu hiyo ina kazi nyingine. Upepo wa kusi huleta chumvi, na chumvi hula bati la kulehemia. Chagua ubao uliopakwa dhahabu, na baada ya kujaribiwa upigwe vanishi ya kuzuia unyevu kila mahali isipokuwa kwenye soketi.

Betri usiiagize ng'ambo. Betri za lithiamu zina masharti magumu kusafirishwa kwa ndege. Betri ya BL-5C ya simu za Nokia ipo kwenye duka lolote la simu, ina volti 3.7 na takriban miliampia-saa 1,000. Redio ikila miliampia 400, hizo ni saa mbili na nusu, haitoshi siku ya mkutano. Kwa hiyo programu iizime redio kila isipotumika, na beji itengenezewe nafasi ya betri mbili, moja ikitolewa bila ya beji kuzimika.

Limebaki suala la programu. Beji ikabidhiwe ikiwa tayari inaonyesha majina ya meli tangu ilipowashwa, na menyu iwe kwa Kiswahili. Baada ya hapo watu wataanza kuandika programu zao, na nyingi zitaikwamisha. Hilo lisiogopwe, ndilo lengo. Chipu za familia ya LPC43 zimechomewa kiwandani programu ndogo isiyofutika, inayoweza kupokea programu mpya kwa USB hata kila kitu kingine kikiharibika; kinachotakiwa ni kuzishika pini fulani katika hali maalumu wakati wa kuwasha. Ziunganishe pini hizo na kitufe, kitufe kikae upande wa mbele mahali kidole kinapofika, na pembeni yake pachapishwe kwa wino mweupe: bonyeza, kisha chomeka waya.